Pawa stelingi na breki za mbele kwenye semi ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya wenye malori, madereva na mafundi wa Kigoma na Tabora ambao bado wanategemea semi za miaka ya 1970 na 1980, zile zinazobeba tumbaku Urambo na Kaliua, chumvi Uvinza, saruji ya kwenda Manyovu na mizigo ya bandari ya Kigoma. Chuma cha magari haya ni kizuri na injini zake zinafunguka kwa spana za kawaida. Shida yake iko mbele: usukani unaoua mabega, na ekseli isiyo na breki au yenye breki zilizozibwa. Yote mawili yanarekebishika huku huku kwetu.

Kwa nini semi nyingine hazina breki za mbele kabisa?

Kuna magari ya aina mbili, na ujue la kwako ni la aina gani kabla hujanunua hata bolti moja.

Aina ya kwanza ni lori la Kimarekani lililotoka kiwandani bila breki za mbele. Kwa sheria ya Marekani, malori ya ekseli tatu au zaidi yaliyotengenezwa kabla ya tarehe 25 Julai 1980 hayalazimiki kuwa na breki kwenye ekseli ya usukani. Wenye magari wengi wa huko hawakuzitaka, wakiogopa kwamba tairi za mbele zikikamatwa kwenye barafu au lami yenye maji, dereva atakosa usukani.

Aina ya pili ndiyo iliyojaa kwetu: Scania, Mercedes, Fiat au Leyland iliyokuja na breki zake kamili, kisha mtu akaziba hozi ya mbele kwa bolti, au akaondoa chemba moja (kopo la upepo linalosukuma breki) ilipopasuka na kuiziba ya pili ili gari lisivute upande mmoja. Gari la namna hii halihitaji kufungiwa kitu kipya. Linahitaji kurudishiwa kilicho chake, na gharama ni ndogo sana ukilinganisha na aina ya kwanza.

Namna ya kutambua ni kuvua tairi na habu, kisha kuangalia stabu, kile kipande kinachobeba habu na kushikwa kwenye ekseli na kingpini, pini ya wima ambayo tairi hugeukia. Ukikuta sahani yenye duara la matundu ya bolti nyuma ya beringi, hapo ndipo bamba la breki linapokaa. Stabu ikiwa nyembamba na laini, bila sahani wala matundu, gari hilo halikuwahi kuwa na breki mbele.

Dereva wangu anasema breki za mbele zinapindua gari. Ni kweli?

Hapana, ingawa hofu hiyo ina chanzo chake na haifai kudharauliwa. Gari likifunga breki, uzito wake unasogea mbele. Tairi za mbele zinakandamizwa chini na zinapata mshiko mkubwa zaidi, na za nyuma zinapungukiwa. Ukiacha ekseli ya mbele bila breki, umetupa mshiko ulio bora kuliko wote, umbali wa kusimama unarefuka, na tairi za nyuma zinabeba kazi isiyo yao mpaka zinateleza. Kichwa kinachoteleza nyuma ndicho kinachojikunja na trela lake. Kichwa kinachotembea kitupu, bila trela, ni hatari zaidi, kwa sababu nyuma hakuna uzito wowote.

Hofu ya dereva inatokana na magari ambayo breki za mbele zilikuwa hazilingani. Upande mmoja unashika, wa pili umelowa grisi, na usukani usio na pawa unamnyang'anya dereva mikononi. Hilo linatokea kweli. Dawa yake ni kuzilinganisha pande mbili, siyo kuziba zote.

Fedha inatosha kazi moja tu. Nianze na ipi?

Breki, bila kusita. Usukani mgumu unamchosha dereva, lakini breki pungufu zinamfuata mtu aliye kando ya barabara akiuza mahindi. Mteremko wa Sekenke, kati ya Singida na Igunga, haukuulizi kama usukani ni mwepesi. Vilevile barabara ya kutoka milima ya Kasulu kuteremkia ziwani, ambako Kigoma ipo mita 770 na ushei kutoka usawa wa bahari.

Hata hivyo, kama unaweza kusubiri msimu mmoja wa tumbaku ufanye zote kwa pamoja, subiri, na gari lipunguziwe mzigo hadi wakati huo. Ekseli ya mbele inafunguliwa mara moja, kingpini zinabadilishwa mara moja, na uwiano wa tairi unapimwa mara moja.

Nikague nini kabla ya kununua vifaa?

Hapa ndipo ningependa mwenye gari akae na fundi wake kwa siku nzima, maana pawa stelingi inaficha maradhi. Usukani mgumu unamwambia dereva kwamba kingpini imekauka au beringi ya kubeba uzito imekwisha. Ukishafunga pawa, mafuta yenye presha yanasukuma tu, dereva hasikii kitu, na kilichokuwa kimelegea kinaendelea kulegea mpaka kikatike.

Inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi imara, usiamini jeki peke yake. Mtu mmoja ashike tairi juu na chini, atikise kwa nguvu. Ukiona mchezo, usiseme mara moja kuwa ni kingpini, huenda ni beringi za habu. Kwenye gari lenye breki za mbele, utingo anakanyaga breki, habu na stabu vinakuwa kitu kimoja, na mchezo unaobaki ni wa kingpini peke yake. Gari lako bado halina breki hizo, kwa hiyo mwenzako alale chini na tochi, aangalie nafasi kati ya stabu na ncha ya ekseli wakati unatikisa. Nafasi hiyo ikifunguka na kufunga, ni kingpini na bushi zake. Ikitulia huku tairi linacheza, kaza au badilisha beringi.

Baada ya hapo angalia bol jointi za tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele) na draglinki (fimbo inayotoka upande wa stelingi boksi kwenda kwenye stabu), springi za mbele jani kwa jani, senta bolti na yu-bolti. Springi zinahusika kuliko watu wanavyofikiri. Breki za mbele zinaposhika, ekseli inajaribu kujizungusha, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye springi na yu-bolti. Jani lenye ufa lililovumilia miaka kumi bila breki linaweza lisivumilie kufunga breki mara moja ukiwa na mzigo.

Ninunue ekseli nzima ya mtumba, au nifunge breki kwenye ekseli yangu?

Kama stabu zako zina sahani ya bolti, baki na ekseli yako. Tafuta bamba, kemu shafti (shafti inayotanua viatu vya breki), viatu vyenyewe, dramu na chemba za modeli hiyo hiyo. Kama hazina, usimruhusu mtu akuchomelee sahani kwenye stabu. Nunua ekseli nzima yenye breki zake, kutoka gari la uzito uleule au zaidi.

Ukinunua ekseli nzima, pima upana kati ya vitanda vya springi, pima kimo kutoka kitanda hadi katikati ya habu, halafu hesabu nati za tairi na duara lake. Magari mazito ya Ulaya kwa kawaida yana nati 10 kwenye duara la milimita 335, na ya Kimarekani yenye rimu za sahani yana nati 10 kwenye duara la milimita 285.75. Zote ni kumi kwa macho, lakini rimu ya moja haiingii kwenye habu ya nyingine. Mtu akishagundua hilo ekseli ikiwa imeshapakuliwa kutoka Dar, inabidi atembee na spea tairi mbili tofauti maisha yake yote.

Chemba ya breki namba ngapi inafaa mbele?

Namba ya chemba ni eneo la diaframu kwa inchi za mraba. Chemba namba 20 ikipata upepo wa psi 100 (ratili 100 kwa kila inchi ya mraba) inasukuma kwa nguvu ya ratili 2,000, karibu kilo 900. Namba 30, ambayo ndiyo ya kawaida ekseli za nyuma, inasukuma ratili 3,000. Mbele hutumika namba 16, 20 au 24 kutegemea ekseli na dramu, na ekseli husika ilitengenezwa kwa namba maalumu. Fuata hiyo. Fundi anayekuambia "tufunge 30 zishike vizuri" anakutengenezea ile hatari ambayo dereva wako anaiogopa.

Slaki, yaani mikono inayounganisha fimbo ya chemba na kemu shafti, nazo ziwe na urefu mmoja kulia na kushoto, ukipimwa kutoka katikati ya kemu hadi pini ya chemba. Tofauti ya nusu inchi inatosha kufanya gari livute upande mmoja. Lainingi za pande zote mbili zitoke boksi moja, na dramu zichongwe kipenyo kimoja. Katikati ya hozi mbili weka valvu ya kuachia upepo haraka, vinginevyo breki zitachelewa kuachia na dramu zitapata moto bure.

Kurekebisha slaki kunataka chaki na rula. Upepo ukiwa psi 90 hadi 100, injini imezimwa, chora alama ya chaki kwenye fimbo ya chemba pale inapotokea. Mwenzako akanyage breki hadi mwisho na kushikilia. Pima alama imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida namba 16, 20 au 24, ikivuka inchi 1¾, yaani milimita 44, breki hiyo haifai kuingia barabarani. Na kulia na kushoto zisogee karibu sawa.

Stelingi boksi la pawa nichukue la gari gani?

Bora ni la gari la chapa yako lenyewe, toleo lililofuata lililokuja na pawa. Mabano, shafti na pitmani amu (mkono unaotoka kwenye boksi na kusukuma draglinki) vinakubaliana bila kulazimisha. Ukikosa, mafundi hufunga boksi la gari lingine la uzito huo, na linafanya kazi vizuri mambo matatu yakitimia.

La kwanza ni mwelekeo. Kabla ya kuvua boksi la zamani, zungusha usukani kulia na uandike pitmani amu imeelekea wapi. Boksi jipya lifanye vivyo hivyo. Boksi la gari la usukani wa kushoto likigeuzwa ili lienee kwenye chesi yetu linaweza kupeleka tairi kushoto unapokata kulia.

La pili ni urefu wa pitmani amu na pembe ya draglinki. Draglinki ilale katika mstari uleule uliokuwapo. Ikiinuka au kushuka kupita kiasi, kila springi inapobonyea usukani utajizungusha wenyewe, na barabara ya changarawe itakuwa mateso.

La tatu ni mahali pa kufungia. Boksi la pawa linasukuma chesi kwa nguvu kuliko boksi la mkono. Ongeza sahani ya chuma ndani ya chesi, toboa ubavuni na siyo kwenye mdomo wa juu au wa chini, na tumia bolti za daraja 10.9 zenye nati za kujifunga.

Je, kuchomelea pitmani amu au kuipasha moto ili ikae vizuri kunaruhusiwa?

Hapana. Pitmani amu, draglinki, stabu na amu zake ni vyuma vilivyofuliwa na kupewa ugumu kwa moto uliopimwa kiwandani. Ukivipasha kwa gesi, ugumu unaondoka, na macho hayawezi kuona. Kilichopinda kinatupwa. Najua spea hizi ni adimu Tabora na Kigoma, na najua fundi wa kuchomelea yuko mlango wa pili. Bado jibu ni hapana.

Pampu na hozi je?

Injini nyingi zina sehemu ya kufungia pampu inayozungushwa na gia, mara nyingi nyuma ya kompresa ya upepo. Injini nyingi za Cummins ziko hivyo. Pampu ya gia ni bora kuliko ya mkanda, kwa sababu mkanda ukilowa tope la masika unateleza wakati ule ule unapohitaji nguvu. Soma kibati cha boksi: kinasema linataka presha na lita ngapi kwa dakika. Pampu ikiwa ndogo, usukani utakuwa mzito injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), hasa unaporudi nyuma kwenye ghala. Ikiwa kubwa mno, mafuta yatachemka.

Presha ya mfumo huu hupita bar 100. Hozi ya kompresa au ya maji haiwezi, hata ukiifunga klipu nne. Hozi ya presha itengenezwe kwa mashine ya kubana vichwa. Pima urefu kwa waya mgumu uliopindwa kufuata njia ya hozi kutoka pampu hadi boksi, mbali na egzosi, kisha tuma waya huo huo Mwanza au Dar pamoja na vichwa viwili vya mfano. Wanaotuma vipimo kwa simu hurudishiwa hozi fupi.

Mafuta gani, na hewa inatolewaje?

Maboksi mengine hutumia mafuta ya gia otomatiki, mengine oili ya injini. Fuata kibati, usichanganye, na kamwe usiweke mafuta ya breki, yanaharibu sili zote.

Kutoa hewa kunataka uvumilivu. Inua ekseli ya mbele ili tairi zisiguse chini. Jaza mtungi wa mafuta, injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, huku mtu mmoja akiongeza mafuta. Mwanzoni mafuta yanatoka na povu jeupe. Endelea mpaka yatulie na rangi yake irudi, ndipo uwashe injini sailensa na kurudia. Ukisikia pampu inalia kama nyuki, bado kuna hewa, au hozi ya kuvuta ina mwanya.

Halafu rekebisha stopa za ekseli na valvu za mwisho ndani ya boksi, ili presha ikatike tairi linapokaribia mwisho wa kona. Dereva naye asishikilie usukani mwishoni kwa muda. Hapo mafuta hayana pa kwenda, yanachemka, na pampu inakufa mapema.

Nimefunga pawa, usukani mwepesi, lakini gari linatangatanga na usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Magari yaliyotengenezwa bila pawa mara nyingi kingpini zake zilisimamishwa karibu wima ili usukani uwe mwepesi kwa mkono. Ukishafunga pawa, sababu hiyo haipo tena, na gari linataka kingpini zilale nyuma kidogo zaidi ili tairi zijinyooshe zenyewe. Hufanywa kwa kuweka kabari za chuma kati ya springi na kitanda cha ekseli, upande mnene ukielekea nyuma, kabari za nyuzi sawa kulia na kushoto. Nyuzi 1 au 2 huleta tofauti unayoisikia siku hiyo hiyo. Pima kwa geji ya nyuzi, usikisie.

Halafu pima tairi kwa mbele na kwa nyuma yake. Kwa tairi za redio (radial), upana wa mbele upungue milimita 1.5 hivi kuliko wa nyuma. Tairi zinazoliwa upande mmoja baada ya safari moja ya Nzega zinakuambia kipimo hiki kilirukwa.

Gari linavuta kushoto ninapofunga breki.

Kulia hakushiki vya kutosha. Anza na slaki, kisha fungua dramu ya kulia utafute grisi au oili kwenye lainingi, kisha hozi iliyovimba ndani. Usilegeze upande wa kushoto ili zifanane. Kwa jaribio, tafuta uwanja mpana usio na watu, kilomita 30 kwa saa, mikono imeshika usukani kwa ulegevu, kanyaga taratibu. Lainingi mpya zinahitaji kufungwa mara kadhaa kwa nguvu ya wastani ndipo zikae, kwa hiyo pima slaki tena baada ya safari ya kwanza.

Naweza kuweka koki ya kuzima breki za mbele wakati wa mvua?

Usiweke. Koki hiyo hufungwa Novemba mvua zikianza, na Juni bado imefungwa.

Kuteremka frii, injini imezimwa, ili kuokoa dizeli, kuna shida gani?

Kwenye gari lenye pawa, shida imezidi. Injini ikizimwa, pampu inasimama na usukani unakuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya pawa, kwa sababu boksi jipya lina mizunguko michache na linategemea mafuta. Kompresa nayo imesimama, na kila ukikanyaga breki unatumia upepo usiorudishwa. Dizeli utakayookoa kati ya Manyovu na Kigoma mjini haifiki bei ya hozi moja. Gia ndogo, injini inaunguruma, breki za mbele na za nyuma zikisaidia kwa vipindi: ndivyo dramu zinavyobaki baridi. Mwambie dereva wako hivyo kabla hajatoka gereji, na mjaribishe mahali tambarare aone usukani unavyokuwa pampu ikisimama, ili siku mkanda ukikatika asishtuke.

Trafiki na mizani watasemaje?

Gari lenye breki zisizofanya kazi haliruhusiwi barabarani, kwa hiyo ukirudisha breki za mbele unajiondolea kesi. Mizani haitakusumbua kwa sababu ya vifaa hivi, uzito wake ni mdogo. Kumbuka tu kwamba sheria ya udhibiti wa uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, na pawa haikupi ruhusa ya kusogeza mzigo mbele. Tunza risiti na picha za kazi, na umjulishe wakala wako wa bima kwa maandishi.

Baada ya kazi, nikague kila lini?

Kila asubuhi mafuta ya pawa na uvujaji wa upepo. Jaza mitungi ya upepo, zima injini, kanyaga breki na uangalie geji: kichwa na trela pamoja visipoteze zaidi ya psi 4 kwa dakika. Mwaga maji ya mitungi, hasa masika. Kila wiki kagua kwa macho na kaza kwa spana bolti za boksi, na kila ukipaka grisi kingpini, inua ekseli ili grisi ifike chini ya beringi ya uzito. Safari tano za kwanza, simama Kaliua au Uvinza, karibisha kiganja kwenye habu zote mbili za mbele bila kuzigusa. Ya moto kuliko mwenzake ina slaki iliyokazwa kupita kiasi au beringi iliyobanwa, na inafunguliwa hapo hapo.